Sanduku la maoni liko tupu: mwongozo kamili wa kuwafanya wafanyakazi waseme

Wasimamizi wa hapa Lubumbashi, Kongo, wananiletea swali moja, kila mmoja kwa maneno yake. Mwenye depo ya unga kule Katuba, mkuu wa karakana ya malori kwenye barabara ya Kasumbalesa, mama mwenye famasi mbili mjini: "Niliwaita wote, nikawaambia waseme bila woga, wakanitazama tu. Nikaweka na sanduku la maoni. Limejaa vumbi." Wiki mbili baadaye breki za lori zinakataa mteremkoni, au dawa zilizopitwa na tarehe zinakutwa kwenye rafu, na inakuja kujulikana kwamba watu watatu walijua zamani.

Mwongozo huu ni wa waliokwisha kujaribu wakashindwa. Unafaa sehemu ya kazi yenye watu watano hadi mia hivi, ambapo mkubwa bado anaweza kuwafahamu wengi kwa sura.

Shika jambo moja kabla ya kuanza. Watu wako wanasema kila siku. Wanasema kwenye basi la kurudi Ruashi, wanasema saa sita wakila bukari, wanasema kwenye kundi la WhatsApp ambalo wewe haumo. Kila mmoja wao, kabla ya kufungua mdomo mbele yako, anapiga hesabu mbili: nikisema nitapatwa na nini? Na nikisema kitabadilika nini? Jibu moja likiwa baya, ananyamaza, hata kama ni mtu asiyeogopa kitu nje ya geti lako. Kumwambia "sema bila woga" hakugusi hesabu hata moja. Hatua zifuatazo zinazigusa zote mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Daftari moja la mkono. Utaandika kila jambo ulilopewa, tarehe, na ulilofanya. Simu haifai kwa hili, maana ukiishika wakati mtu anaongea, anadhani unamrekodi.

Pesa kidogo iliyotengwa. Kiasi cha kununua bati mbili, glavu, balbu, kufuli. Bila pesa hiyo utasikia mambo madogo usiyoweza kuyatengeneza, na hapo umeharibu kuliko kama usingeuliza.

Ubao au karatasi kubwa mahali ambapo kila mtu anapita, si ofisini kwako.

Nusu saa kila wiki, ndani ya saa za kazi. Ukiwaita baada ya kazi, wanahesabu nauli na giza. Watakubali chochote ili waondoke.

Mtu wa pili wa kupokea maneno. Asiwe mke wako, asiwe shemeji yako. Awe mtu ambaye wafanyakazi tayari humwendea wakiwa na shida. Kila sehemu ya kazi inaye, na mara nyingi ni mama wa makamo, pengine mpishi au mtunza stoo.

Mishahara iliyolipwa. Kama una deni la miezi, usianze hatua yoyote. Waite, sema kiasi unachodaiwa na tarehe utakayolipa, kisha uishike tarehe hiyo. Mtu unayemdai maneno huku wewe ukidaiwa mshahara wake hana sababu ya kukusaidia, na ataona kila swali lako ni njia ya kukwepa la kwake.

## Hatua ya 1: Tengeneza kwanza yaliyokwisha kusemwa

Wengi hukosea hapa. Wanaanza kwa kuomba maoni mapya wakati ya zamani yamelala.

Kaa peke yako na daftari, uandike yote uliyowahi kuambiwa mwaka huu ukayapuuza au ukayasahau. Choo kisicho na mlango. Dirisha linaloingiza mvua. Ngazi iliyolegea. Utakumbuka mengi kuliko ulivyodhani. Chagua matatu yanayowezekana ndani ya siku saba, uyatengeneze. Halafu, na hili ndilo muhimu, sema wazi kwamba yalitoka kwao: "Mlisema habari ya dirisha mwezi wa tatu. Nilichelewa. Limetengenezwa leo."

Sababu yake ni hii: ukiuliza watu kwa nini wananyamaza, si wote watakutajia hofu. Wengi watakuambia, kwa Kiswahili cha hapa kwetu, "Tulisemaka, hakuna kenye kilibadilikaka." Hao hawaogopi, wamechoka. Aliyechoka haponywi kwa maneno mapya. Anapona akiona bati jipya juu ya paa.

Utajua umefaulu pale mtu mmoja, bila kuulizwa, atakaposema: "Basi kama mmetengeneza dirisha, na ile pampu je?"

## Hatua ya 2: Tafuta adhabu inayomwangukia msema kweli

Kuna depo ya unga wa mahindi ambayo nilipata kuifuatilia kwa karibu. Kila masika, kuanzia Novemba, magunia ya chini kwenye kona ya nyuma yalikuwa yanalowa na kuota ukungu. Wapakizi wote walijua maji yanapita wapi. Walikuwa wamechora hata mstari wa chaki ukutani, kwa ajili yao wenyewe, kuonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Mwenye depo hakuambiwa hata siku moja.

Sababu ilikuwa kwenye daftari la malipo. Zamani kidogo, kijana mmoja alikuja kusema gunia limelowa, na bei ya gunia lile ikakatwa kwenye mshahara wake kwa kuwa ndiye aliyekuwa amelishika. Tangu siku hiyo gunia lililolowa lilisukumwa chini ya mengine, likauzwa mwisho, au likaoza bila mwenyewe. Kanuni moja ya kukata mshahara ilinunua ukimya wa depo nzima.

Chukua kanuni zako zote, zilizoandikwa na zisizoandikwa, uulize kila moja: mtu akiniletea habari hii leo, nani atalipa? Angalia hasa:

- makato ya vifaa vilivyoharibika, ambayo yanamwangukia aliyeripoti badala ya aliyeharibu;
- anayeripoti mashine mbovu anarudishwa nyumbani bila malipo hadi itengenezwe;
- anayetoa wazo ndiye anaongezewa kazi ya kulitekeleza, juu ya kazi yake;
- bonasi ya "mwezi bila ajali", inayowafanya watu kufunga jeraha kwa kitambaa na kunyamaza.

Futa au badilisha kila kanuni ya namna hiyo, kisha itangaze. Kwenye depo ile ilitosha kusema: gunia likiripotiwa siku ile ile, halikatwi kwa mtu yeyote. Paa likatengenezwa. Mstari wa chaki bado upo.

Onyo: usifute kisha urudishe siku ya hasara kubwa. Ukifanya hivyo mara moja tu, mwongozo huu haukusaidii tena kwa muda mrefu.

## Hatua ya 3: Anza na makapita

Mfanyakazi hamwogopi patroni anayemwona mara moja kwa wiki. Anamwogopa kapita, yaani msimamizi wa kundi lake, anayepanga nani abebe saruji na nani akae kivulini, nani aitwe kesho na nani asiitwe. Ukifungua mdomo wa wafanyakazi bila kumwandaa kapita, yeye ataufunga, na wewe hutaona.

Kapita naye ana hofu yake. Kila jambo linalokufikia bila kupitia kwake linaonekana kama ushahidi kwamba hajui kazi. Kwa hiyo ongea naye peke yake, mapema, kwa heshima anayostahili. Mwambie mambo mawili. La kwanza: tatizo likitajwa na mtu wa kundi lake, ni sifa kwake, maana kundi lake lina macho. La pili: mtu akipangiwa kazi mbaya baada ya kusema, nitakuuliza wewe.

Halafu timiza la kwanza hadharani. Kundi likileta jambo zuri, mtaje kapita wake pamoja na aliyeleta.

Kama mwenye kampuni hajui Kiswahili, na kapita ndiye mkalimani wake, shida ni kubwa zaidi: kila neno linapita kwenye mdomo wa mtu anayeweza kuumizwa na neno hilo. Tafuta mkalimani mwingine wa mkutano huu. Hilo halina mjadala.

## Hatua ya 4: Badilisha lugha, mahali na swali

Lugha. Mkutano ukiendeshwa kwa Kifaransa, watasema wenye diploma. Fundi aliyeshika mashine miaka kumi na tano atanyamaza, si kwa kukosa la kusema, ila kwa kuogopa kukosea mbele ya vijana wa ofisini. Endesha kwa Kiswahili, hiki hiki cha mtaani. Ripoti utaiandika kwa Kifaransa baadaye ukiwa peke yako.

Mahali. Usiwaite ofisini mbele ya meza yako. Nenda mashine ilipo. Mtu akiwa karibu na kitu anachokijua, mkono wake unaonyesha kabla mdomo haujasema, na hapo maneno yanafuata yenyewe.

Ukubwa wa kundi. Watu watano hadi wanane. Ukizidisha, unapata hotuba za wawili na ukimya wa wengine.

Swali. "Kuna mwenye neno?" ni swali lililokufa. Linamtaka mtu ainuke, avunje ukimya, na aonekane mlalamikaji, yote kwa mara moja. "Mna shida gani?" ni baya vilevile, kwa sababu jibu lake la kwanza ni mshahara na mazungumzo yanaishia hapo. Uliza jambo dogo lenye mwili:

- "Wiki hii, kazi gani mliirudia mara mbili?"
- "Mgeni akianza hapa kesho, ungemwambia ajihadhari na kitu gani?"
- "Kifaa gani hapa kitaharibika kwanza?"
- "Kitu gani ninachokiagiza kinawapotezea muda?"

La pili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Halimwombi mtu alalamike, linamwomba afundishe. Wengi wetu tunaosita kulalamika hatusiti kumwonya mdogo wetu, na kumbe onyo lile lile ndilo habari ambayo mkubwa alikuwa anaitafuta. Watu husema zaidi pale wanapoonekana kuwa mafundi wa jambo kuliko wanapoonekana kuwa wenye shida.

Mpangilio wa kusema. Mdogo aanze, mkubwa amalize, wewe uwe wa mwisho kabisa. Kwetu mdogo hampingi mkubwa. Mzee wa kundi akishasema "hakuna tatizo, patroni", hakuna kijana atakayesema lipo.

Usidhani hili ni la Afrika peke yake. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana ardhini ndani ya ukungu, wakafa watu 583. Kwenye ndege iliyokuwa inakimbia kupaa, mhandisi aliuliza kama ile nyingine ilikuwa imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu, mtu aliyeheshimiwa sana kwenye shirika lake, alijibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakurudia swali. Kuanzia miaka ya 1980 mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wadogo kurudia onyo, na wakubwa kulitafuta wao wenyewe.

Wafundishe watu wako namna ya kusema isiyovunja heshima, kisha uiheshimu kila inapotumika. Kwa mfano: "Papa, naomba ruhusa, kuna kitu nimeona." Neno hilo likitamkwa, kila anayesikia asimame asikilize, hata kama lori linangojwa getini. Adabu haijapotea, na onyo limefika.

Utajua umefaulu pale majibu yatakapoacha kuwa "kila kitu kiko sawa" na kuwa majina ya vitu: vali ile, kona ile, saa ile.

## Hatua ya 5: Pokea vizuri habari mbaya ya kwanza

Hatua nyingine unaweza kuzirekebisha ukizikosea. Hii ni ngumu kurekebisha, kwa sababu itatokea mbele ya watu na itasimuliwa.

Siku moja, baada ya wiki mbili au tatu, mtu atakuletea jambo baya kweli. Tuseme ni kijana wa karakana, saa nane mchana:

"Shefu, ile lori ya kwenda Likasi, freni iko inavuja mafuta. Niliona asubuhi."

Jibu linalokuja lenyewe ni hili: "Asubuhi? Na sasa ni saa nane! Ulikuwa wapi?" Hasira yako ina haki yake. Lakini kijana ameleta vitu viwili pamoja, habari na kosa la kuchelewa, na ukianza na kosa, watu waliosimama nyuma yake watajifunza kwamba aliyechelewa kusema ni heri asiseme kabisa.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Acha ulichoshika. Weka simu chini, mgeukie.
2. Shukuru kwa neno fupi. "Aksanti kwa kuniambia." Usiongeze sifa nyingi, zitamwaibisha mbele ya wenzake.
3. Uliza ili ujue zaidi. "Inavuja gurudumu gani? Twende unionyeshe." Kutembea naye hadi kwenye lori kunasema kuliko hotuba.
4. Amua mbele yake. "Lori halitoki leo." Kama huwezi kuamua papo hapo, sema lini utaamua.
5. Kuhusu kuchelewa, uliza baadaye, mkiwa wawili. "Kitu gani kilikuzuia kuja asubuhi?" Jibu lake mara nyingi litakurudisha hatua ya 2 au ya 3: aliambiwa na kapita asubiri, au aliogopa kulaumiwa kwa kuwa ndiye aliyeifunga breki ile.

Na kama habari si ya kweli? Umekwenda, umekagua, hakuna kuvuja, yalikuwa maji ya kuoshea. Mshukuru vilevile, mwonyeshe tofauti ya maji na mafuta ya breki, lori liende. Onyo la bure limekugharimu dakika kumi. Ukimcheka, au ukiwaacha wenzake wamcheke, onyo la kweli linalofuata halitakufikia.

Onyo kuhusu uso wako. Watu hawasikilizi maneno yako peke yake. Wanaangalia kama umekunja uso, kama umetazama saa, kama umemtafuta kapita kwa macho. Kama unajijua kuwa mwepesi wa hasira, jizoeze kuuliza swali moja kabla ya kusema lolote. Swali linakupa muda wa kupoa.

Onyo la pili: usilipe pesa kwa habari. Mara tu habari inapopata bei, wenzake hawataiita tena habari, wataiita uchongezi, na hawatakosea sana. Weka mpaka wazi: kwenye nusu saa ya wiki tunasema mambo, hatusemi watu. "Gunia zinapungua kati ya stoo na lori" ni jambo. "Fulani anaiba" si la hapa, ni la mlango mwingine.

## Hatua ya 6: Weka mlango wa pili

Kuna maneno ambayo hayatasemwa kamwe kwenye duara la watu wanane. Wizi ni mojawapo. Lingine ni la wanawake wanaosumbuliwa na wakubwa wao kazini. Binti anayeambiwa na kapita kwamba mkataba wake "unategemea moyo wake" hawezi kulisema mbele ya kapita huyo, na hataliandika kwenye karatasi ya sanduku, kwa sababu mwandiko wake unajulikana.

Hapo ndipo kazi ya mtu wa pili inapoanza. Awe na ruhusa ya kusikiliza wakati wowote na kuleta jambo kwako bila jina, mpaka mwenyewe akubali kutajwa. Na wewe ujue kwamba usumbufu wa kingono ni kosa la jinai nchini kwetu tangu Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006. Si jambo la kusuluhishwa kwa soda mbili.

Sanduku unaweza kuliacha. Lakini lisiwe ofisini, lisiwe karibu na geti la mlinzi, na lisiwe njia pekee. Sanduku halina uso, halishukuru, halijibu.

## Hatua ya 7: Jibu kila jambo, hata kwa hapana

Kwenye ubao chora safu tatu: jambo, jibu, tarehe. Usiandike jina la aliyeleta isipokuwa ametaka mwenyewe.

Kila jambo lipate jibu kabla ya mkutano wa wiki inayofuata. Majibu yanaweza kuwa matatu: ndiyo na siku, hapana na sababu, au bado na siku utakayojua. "Tutaona" si jibu. Watu wa hapa wamesikia "tutaona" nyingi.

Hapana yenye sababu inaheshimika kuliko unavyofikiri. "Hatutanunua jenereta ya pili mwaka huu, pesa imekwenda kwenye matairi, tutazungumza tena Januari." Mtu anaweza kunung'unika, lakini amejua neno lake lilifika, likapimwa. Ile hesabu ya pili, ya "kitabadilika nini", haidai ushindi kila mara. Inadai neno lisipotee.

Utajua umefaulu watu watakapoanza kuusoma ubao kabla hujawaambia.

## Hatua ya 8: Wafanyakazi wa siku na ulinzi wa sheria

Mfanyakazi wa siku ndiye anayeona mengi na kusema machache. Hesabu yake ni fupi: akisema leo, kesho hataitwa. Usimlaumu.

Ukitaka macho yake, mpe uhakika wa kesho. Sheria yenyewe inakusukuma huko. Kanuni ya Kazi, yaani Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 40, inasema kuwa mtu wa siku aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Wengi wanawazungusha watu ili wasifike siku ya 22. Wanabaki na wapakizi wapya kila mwezi, wasiojua kona inayolowa, na waliojua wameondoka nayo.

Kifungu cha 62 nacho kisomeni pamoja, kwa sauti, kwa Kiswahili. Kinasema kwamba kumlalamikia mwajiri kwa kuvunja sheria, au kwenda kwa viongozi wa serikali wanaohusika, si sababu halali ya kumfukuza mtu. Vilevile kuwa mwanachama au mjumbe wa sindika, yaani chama cha wafanyakazi. Na kifungu cha 298 kinataka ugomvi wa mtu mmoja na mwajiri wake upite kwanza kwa mkaguzi wa kazi, yule tunayemwita inspekteri, kwa usuluhishi, kabla ya kufika mahakama ya kazi.

Baadhi ya mapatroni huniambia: ukiwasomea hivyo, utawafundisha kukushitaki. Naona kinyume. Mtu anayejua kuna mlango wa mwisho hana haja ya kuukimbilia, anaweza kuanza na wewe. Asiyejua mlango wowote hukaa kimya hadi siku anapogoma.

## Hatua ya 9: Usiwaruke madelege

Kama mnao wajumbe wa sindika waliochaguliwa, waite kabla ya mkutano wako wa kwanza, uwaeleze unachofanya na usichofanya. Mshahara, saa za kazi na mkataba ni meza yao, usiviongelee kwenye nusu saa ya wiki bila wao. Kamati ya usalama na usafi, kama ipo, ipewe nakala ya ubao. Ukiwaruka, wataona umetengeneza njia ya kuwavunja nguvu, na neno moja kutoka kwao litawafunga watu wote midomo.

## Miezi mitatu baadaye: namna ya kupima

Usihesabu malalamiko ukitumaini yapungue. Kwa wiki za mwanzo yataongezeka, na hiyo ndiyo ishara nzuri. Mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alipochunguza timu za hospitali miaka ya 1990, alitarajia kwamba timu bora zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaonyesha timu zilizoongozwa vizuri ndizo zenye makosa mengi yaliyoripotiwa. Alipofuatilia, maelezo yakawa kwamba hazikukosea zaidi, bali zilithubutu kusema.

Pima haya badala yake. Muda kati ya mtu kuona tatizo na wewe kuambiwa: je, unafupika? Wanaosema ni wale wale wawili, au wapo wapya? Je, kuna aliyekuja kusema kosa lake mwenyewe? Hilo la mwisho likitokea, umefika mbali.

## Kama bado wananyamaza

Umefanya yote, wiki ya sita imepita, na duara bado ni kimya. Usiwabane. Tafuta mtu aliyeacha kazi kwako mwaka jana na ambaye hamkugombana. Huyo hana cha kupoteza. Mnunulie chakula, mahali mbali na kazi, umuulize mambo matatu tu: Ulipokuwa kwangu, nani aliwahi kusema jambo na likampata nini? Kitu gani wote mlikijua mimi nisikijue? Nani kati ya watu wangu ambaye wengine wanamwangalia kabla ya kujibu?

Mara nyingi jibu la kwanza litakuwa tukio ambalo wewe umelisahau kabisa, na wao wanalisimulia kwa kila mgeni anayeanza kazi. Rudi nalo kwenye hatua ya 1. Kama mtu aliyeumia bado yupo, anza na yeye, mrudishie kilichokatwa, na ulifanye mbele ya wale walioona kikikatwa.